Viti Saba Kwenye Theluji

Haya niliambiwa na Odelia Guillory mwenyewe, wiki ya Pasaka, tukiwa jikoni kwa kanisa tunamenya viazi vitamu. Mumewe, Clovis, alikuwa ameketi karibu na mlango na kikombe chake cha kahawa, na kila Odelia alipofika pahali penye chumvi nyingi, mzee alikohoa. Mara ya tatu Odelia akamwambia, "Kohoa tena nikutume dukani." Hapo akatulia. Sehemu nyingine niliiona kwa macho yangu, kwa sababu mambo yenyewe yalitokea mtaani kwetu, na mimi ndiye niliyeitwa mwizi. Nitafika huko.

Wanatoka Louisiana, kusini kabisa, kwenye mashamba ya mpunga, ambako baridi ikija mtu anatupia sweta mabegani halafu anaisahau nyumbani kwa watu. Clovis alikuwa na miaka sitini na minne. Odelia hasemi wake. Hawakuwahi kuja Chicago, na walipoamua kuja walichagua Januari, mwaka ule theluji ilipopanda mpaka kwenye vizingiti vya madirisha. Hawakuja kutembea. Walikuja kuonwa.

Binti yao Leontine, muuguzi, alikuwa amepanga nyumba ya tatu kutoka kona. Miaka yake ilikuwa thelathini na minne, na alikuwa amechumbiwa na Lemuel Tubbs, anayepanga barua posta zamu ya usiku. Lemuel ni mtu mwema, mpole, hanywi, hagombani. Ana kasoro moja tu: wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuweza kununua hata soksi bila kumuuliza mama yake.

Na mama yake ni Mama Tubbs, anayeishi naye hapa hapa mtaani kwetu. Kabla ya Leontine kulikuwa na msichana mwingine, mzuri tu, mwalimu. Baba yake alialikwa chakula akala na kofia kichwani. Mama Tubbs hakupiga kelele. Alisema, "Hapana," akaomba apitishiwe pilipili. Lemuel akasema, "Sawa, mama," na ule uchumba ukaishia hapo mezani, hata keki haijakatwa.

Sasa ilikuwa zamu ya kina Guillory. Jumamosi, saa nane mchana, chakula kwa Mama Tubbs. Akitikisa kichwa kukubali, harusi ipo. Akisema "Hapana," Leontine anabaki na pete ya kurudisha.

Walifika kwa treni Ijumaa jioni. Odelia alishuka amevaa makoti mawili, la kwake na la jirani yao, na ndani ya suruali Clovis alikuwa amevaa soksi ndefu za nailoni za mkewe, jambo ambalo wote wawili walikuwa wameapa kutolitaja. Sanduku moja lilikuwa la nguo. La pili lilijaa soseji za wali, kahawa iliyokaangwa nyeusi, na mfuko wa vifaa vya Clovis, kwa maana yeye mpunga ukishavunwa hutengeneza viti, na haendi popote bila gundi na nyundo.

Usiku ule Leontine aliwakalisha kama watoto wa darasa la kwanza.

"Baba, kofia unaivua mlangoni."

"Naivua."

"Usimwite 'bibie'. Usisifie vyombo vyake, atadhani unavipigia bei. Kuku ukipewa paja, kula paja. Usiulize kidari kimeenda wapi."

"Kwani kimeenda wapi?" Clovis aliuliza.

"Mama, mwambie."

"Clovis, kidari kimekwenda unakokujua," Odelia alisema. "Nyamaza tulale."

Leontine aliwaonya juu ya kila kitu isipokuwa kitu kimoja, na simlaumu. Nani angefikiri kuwaonya watu juu ya viti?

Kwetu, ukishachimba theluji mbele ya nyumba yako, saa mbili nzima na koleo, mgongo unalia, gari lako likapata pa kukaa, basi pale ni pako mpaka theluji iyeyuke. Gari likiondoka unaweka kiti. Si lazima kiti kizuri. Kiti kinasema: mwenyewe anarudi. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila mtu akiegesha gari lake pale, asubuhi atalikuta limemwagiwa maji yakaganda, na hakuna aliyeona.

Kwa kina Guillory ni vingine kabisa. Kitu kikiwekwa nje mbele ya nyumba, kimeelekezwa barabarani, maana yake mwenye nacho amekichoka, na anayekitaka akichukue kabla mvua haijakiharibu. Ndivyo Clovis alivyopata nusu ya vitu vya nyumbani kwake. Ukikiacha unaonekana una majivuno.

Kwa hiyo Jumamosi kulipopambazuka, Clovis alivaa buti za Leontine, akatoka kuonja baridi, akasimama kwenye ngazi akitazama juu na chini ya mtaa wetu. Viti saba. Saba! Nusu ya mtaa ilikuwa kazini, posta, hospitalini, kwenye mabasi, na kila aliyeondoka alikuwa ameacha kiti chake katikati ya theluji.

Alirudi ndani akamwamsha mkewe kwa kumvuta kidole cha mguu.

"Odelia. Amka uone. Watu wa mji huu wamepata wazimu."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Wanatupa viti. Viti vya mti mgumu, mke wangu, vya kukaliwa miaka hamsini, mguu umelegea kidogo tu wanatupa nje kama maganda."

Odelia alifuta kioo cha dirisha kwa kiganja. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Kile chenye mgongo wa duara," alisema, "usikiache."

Nasema hivi ili mjue kwamba hakuwa mke aliyeburutwa. Alivaa makoti yake mawili akamfuata. Walivibeba viwili viwili mpaka chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la joto, ambako wapangaji wanaanika nguo. Clovis alipanga kuvitengeneza vyote, sita viwe zawadi ya harusi, na kile chenye mgongo wa duara kirudi nao kwenye treni. Walipofika kona walikuta ubao wa kupigia pasi, ambao mimi nimeuweka miaka yote kushikia gari la shemeji yangu. Clovis aliugeuza, akaugonga, akaurudisha.

"Huu kweli ni takataka," alisema.

Ubao wangu ukabaki peke yake mtaa mzima.

Saa mbili na nusu Lemuel alirudi kutoka kazini amechoka. Pahali pake palikuwa na gari la mtu. Bwana Purvis, fundi wa mabomba, alikuwa amerudi kabla yake, naye akakuta pake pamechukuliwa, akaona pa Lemuel pako wazi, hakuna kiti, akaingia. Aliyechukua pa Purvis naye alikuwa amenyang'anywa pake. Mtaa mzima ulikuwa umesogea nyumba moja kushoto, na kila mtu alikuwa ana haki na kila mtu alikuwa mwizi.

Mama Tubbs akatoka. Gauni la kulalia, buti za marehemu mumewe, koleo mkononi.

"Purvis! Ondoa hilo kopo lako!"

"Hapakuwa na kiti, Mama Tubbs! Naapa!"

"Kiti nilikiweka kwa mikono yangu! Kiti cha marehemu Tubbs!"

"Basi kimetembea!"

"Wewe ndiye utakayetembea!"

Hapo kila mlango ukafunguka. Kila mtu ana lake, kiti changu, kiti changu, mpaka Purvis aliponyoosha kidole kuelekea kona.

"Mbona wa yule upo?"

Wote wakageuka wakautazama ubao wangu wa pasi, halafu wakanitazama mimi, nimesimama na kikombe changu cha chai, sijui hili wala lile. Nilisema, "Sasa mimi viti saba nivikalie na nini?"

Mama Tubbs akasimamisha koleo kwenye theluji. "Sikieni," alisema. "Mume wangu alikikalia kile kiti mpaka siku aliyopelekwa hospitali. Aliyekichukua, awe nani, hatakanyaga ndani ya nyumba yangu maadamu naishi. Neno langu mnalijua."

Dirishani, Odelia alikuwa amesikia yote. Leontine alisimama nyuma yake na mswaki mdomoni, akamweleza habari ya viti na theluji, akacheka, "Masikini huyo mwizi, afadhali ahame mji." Odelia hakungoja amalize kucheka. Aliteremka chini.

Clovis alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa ameshamaliza vitatu na alikuwa anafuta gundi kwenye cha nne.

"Clovis. Viti vina wenyewe."

"Vilikuwa na wenyewe."

"Wanavyo! Huku kiti ndicho kinachoshika nafasi ya gari! Hicho unachokisugua ni cha Mama Tubbs, cha marehemu mumewe, na ameapa mbele ya mtaa mzima aliyekichukua hatakanyaga kwake!"

Clovis alitazama kiti. Akatazama nyundo. "Lakini nimeshakitengeneza," alisema.

"Kiharibu!"

"Siwezi kuharibu kiti, Odelia."

"Basi kirudishe! Vyote! Unakumbuka kila kimoja kilitoka wapi?"

Alimtazama kana kwamba amemtukana. "Mimi nisahau kiti?"

Nyuma ya nyumba zetu kuna uchochoro wa takataka, na milango yote ya jikoni inatazama huko. Clovis angevipitisha hapo. Shida ilikuwa kwamba watu wote wamesimama barabarani, na kati ya nyumba na nyumba kuna mwanya ambao ukiwa mbele unaona mpaka nyuma. Ilibidi watu watazame kitu kingine. Odelia akapanda ngazi, akavaa makoti yake, akatoka mlango wa mbele, akashuka ngazi mbili, akajitupa.

Nilimwona. Wakati ule nilidhani ameteleza. Alianguka polepole, akachagua pahali palipo laini, halafu akapiga ukelele ambao mbwa wa mtaa wa pili waliujibu.

Tukakimbia wote. Mimi nilipata mkono wa kushoto, Mama Tubbs wa kulia, Purvis akashika makoti.

"Umeumia wapi, mama?"

"Sijui! Kila mahali!"

"Moja, mbili, tatu!"

Tukamwinua mpaka nusu. Odelia, juu ya bega la Mama Tubbs, akaona kwenye mwanya mumewe akipita na viti viwili kichwani, miguu ya viti imesimama kama pembe, akalegea tena. Tukaanguka naye wanne.

"Huyu mama kwao wanakula nini?" Purvis alihema.

"Wali," alisema Leontine, aliyekuwa ametoka na mswaki wake, uso umemwiva kwa aibu. "Mama, tafadhali. Baba yuko wapi?"

"Bafuni!"

"Simama, mtu mzima wewe," Mama Tubbs akamwambia. "Unalala kwenye theluji kama uko kitandani kwako. Ndiwe mama yake Leontine?"

"Ndiye mimi. Nimefurahi kukufahamu," alisema Odelia akiwa chali, akampa mkono.

Purvis ndiye aliyetoa wazo la machela, na machela ya karibu ilikuwa ubao wangu wa pasi. Tukamlaza juu yake. Tukamwinua. Tulifika hatua nne, miguu ya ubao ikafunguka yenyewe, mmoja ukampiga Lemuel kwenye ugoko, tukamwachia. Mara hii Odelia alitazama kwenye mwanya akaona mumewe anapita mikono mitupu, anapangusa viganja. Akasimama mwenyewe.

"Ajabu," alisema. "Maumivu yamekwisha."

Robo saa baadaye Purvis alifungua mlango wa nyuma kutupa takataka, akakuta kiti chake kimekaa kinamsubiri. Ikawa hivyo nyumba zote saba, na kila mmoja cha kwake. Magari yakarudi yanapostahili. Unadhani walisema nini? Walisema nimeona haya nikavirudisha. Mkono wangu ulikuwa kwapani mwa Odelia muda wote, lakini watu wakishaamua hawahesabu mikono.

Saa nane kamili, kina Guillory waliingia kwa Mama Tubbs. Clovis alivua kofia kwenye ngazi kabisa, akaishika kama yai. Chakula kilikuwa kimepangwa: kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizochemka na mfupa wa nguruwe, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi. Odelia akaongeza soseji zake. Mama Tubbs alionja moja, akatafuna muda mrefu, akachukua ya pili bila kusema kitu, na Leontine akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Viti vya mezani vilikuwa vinne, watu watano. Mama Tubbs hampi mgeni kiti kibovu, kwa hiyo alijiletea mwenyewe kile cha marehemu, kilichokuwa barabarani. Kiti hicho mguu wa nyuma ulikuwa mfupi. Miaka kumi na moja kilikuwa kinachechemea, na aliyekizoea alijua kujiegemeza kulia ili kisiyumbe.

Mama Tubbs akaketi, akajiegemeza kulia. Kiti hakikuyumba hata kidogo. Yeye ndiye aliyeyumba. Kidogo amwangukie Lemuel, bakuli la mchuzi likaruka, likatua.

Akainuka. Akaketi tena. Akajitikisa huku na huku.

"Kiti kimepona," alisema.

"Ni hii baridi," Odelia aliwahi. "Baridi inakaza mbao."

"Baridi haikazi mbao," alisema Clovis, ambaye kwenye mambo ya viti hawezi kudanganya hata kwa kunyamaza. "Baridi inalegeza."

Odelia akampiga teke chini ya meza. Lemuel akasema, "Aah," ugoko ule ule.

Mama Tubbs alikuwa ameshakipindua kiti. "Kabari," alisema. "Mtu ametia kabari hapa, na gundi bado mbichi. Mwizi gani anaiba kiti asubuhi, anakitibu, anakirudisha kabla ya chakula?"

"Sijui wa huku," Odelia alisema. "Wa kwetu hawana bidii hiyo."

Mama Tubbs alikirudisha kiti chini, akakaa, akapaka siagi kwenye mkate wake mpaka pembeni.

"Haidhuru, namjua," alisema. "Ni yule wa kona, mwenye ubao wa pasi. Kesho baada ya ibada nasimama mbele ya kanisa zima. Miaka kumi na tisa yuko jikoni kwa kanisa. Kesho yatosha."

Mpaka leo hajaniambia kama aliamini hayo au alikuwa anatega. Nimemuuliza mara mbili.

Odelia anasema alimtazama mumewe akajua. Alijaribu kumpitishia makaroni. Alijaribu kukohoa. Clovis aliweka uma chini, akapangusa midomo, akasimama kama mtu anayetaka kuomba dua.

"Mama Tubbs, yule mama hajachukua kitu. Viti nilichukua mimi. Kwetu kitu kikikaa nje ya nyumba ni cha anayekitaka. Nilidhani mmevitupa. Nilipojua, nilivirudisha, na chako kilikuwa kimeshapona, sikuweza kukiumiza tena."

"Na mimi nilimo," Odelia akasema, kwa sauti ndogo. "Kile chenye mgongo wa duara nilikichagua mwenyewe. Na sikuteleza."

"Mungu wangu," alisema Leontine, akafunika uso. "Nimewaambia habari ya kofia. Nimewaambia habari ya vyombo. Mpaka paja la kuku nimewaambia! Sikujua nilipaswa kuwaambia msiibe viti!"

Mama Tubbs alimgeukia mwanawe. "Lemuel. Nilisema nini asubuhi mbele ya mtaa?"

Lemuel alimeza. "Ulisema aliyechukua kiti cha baba hatakanyaga humu."

"Na neno langu ni nini?"

"Ni neno, mama."

"Basi. Bwana Guillory, Bibi Guillory, makoti yenu yako nyuma ya mlango."

Walitoka. Leontine alichukua mkoba wake akawafuata, na kabla ya kutoka alianza kuivua pete. Kwa sababu ya baridi na mafuta ya kuku haikutoka, akatoka nayo. Wakasimama barazani watatu, hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi niliwaona kupitia pazia langu, nikashangaa wageni gani wanaokula dakika kumi.

Ndani, Lemuel alibaki anatazama sahani yake. "Mama," alisema, "naomba..." Akaishia hapo. Alikuwa ameomba ruhusa maisha yake yote, na siku ile, sijui, labda ni ule ugoko, neno lenyewe lilimchosha. Alisimama. Alichukua sinia la kuku, lote, akaubana mkate wa mahindi kwapani, akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka bila koti.

"Hamjashiba," aliwaambia, akamnyooshea Clovis sinia. "Leontine, hiyo pete iache ilipo. Harusi ipo. Sijui itakuwa wapi, na leo sijui nitalala wapi, lakini ipo."

Leontine alimtazama kama mtu aliyeona meza ikiongea. Halafu akamshika mkono, ule usiokuwa na sinia. Odelia alilia, machozi yakamwuma mashavuni kwa baridi. Clovis alichukua kipande cha kuku, akakigeuza.

"Ni kidari," alisema kwa heshima.

Wakala wamesimama, wanne, vidole vimekufa ganzi. Mlango ukafunguka. Mama Tubbs alisimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Miaka thelathini na minane," alisema, "nasubiri huyu atoke mlango huu bila kuniuliza. Na siku anatoka, anatoka na kuku wangu."

Akalitazama sinia, akahesabu vipande kwa macho.

"Nilisema aliyechukua kiti hatakanyaga kwangu. Nimemtoa. Mtaa umeona." Hapo alitazama moja kwa moja dirishani kwangu, nami nikaliachia pazia. "Neno langu limeshatimia, limekwisha. Sasa sina wezi hapa, nina watu wamesimama barazani kwangu wanakula kwa mikono. Ingieni, wakwe, mnaniingizia baridi."

Walipomaliza kula alimtuma Clovis kwangu kuniomba radhi, kisha nyumba sita zilizobaki, moja moja, amevaa kofia yake na aibu yake. Ilimchukua zaidi ya saa nzima, maana hakuna nyumba iliyomwachia aende hivi hivi. Kila aliyemsamehe alimwonyesha stuli, au kitanda, au kabati lisilofungika. Mimi alinikazia miguu ya ule ubao. Bado anasema ni takataka.

Aliporudi, Lemuel alikuwa ameshalala kwenye kochi na viatu vyake, kwa sababu tangu jana hakuwa amefumba macho. Leontine alilala ameegemea bega lake, mdomo wazi. Clovis aliketi kwenye kiti cha marehemu, akakijaribu mara mbili, akaridhika, kidevu kikashuka kifuani.

Wakabaki mama wawili, blanketi moja magotini, sahani chafu bado mezani, nje jua jeupe la alasiri lisilo na joto.

"Itakuwa Juni," alisema Mama Tubbs kwa kunong'ona. "Hapa. Kanisani kwetu."

"Februari," Odelia akanong'ona. "Kwetu. Kuna maua tayari."

"Mimi sipandi treni."

"Na mimi sirudi kwenye theluji."

"Juni hakuna theluji, mwanamke wewe."

"Nyinyi siwaamini."

Wakabishana hivyo, sauti inashuka, inashuka, juu ya keki, juu ya nani atapika wali na kama wali ni chakula cha harusi. Odelia akaona anashindwa, akafumba macho, akaanza kukoroma kidogo, kwa ustadi.

Mama Tubbs alingoja jibu, hakulipata. Akaendelea na ubishi peke yake, akisema ya kwake na kujibu ya Odelia, na kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumsikia alianza kulegeza. "Sawa," alisema, "labda Aprili. Labda hayo maua nikayaone." Neno la mwisho halikufika mwisho. Kichwa chake kikaangukia begani mwa Odelia, na mkoromo wake ulikuwa wa kweli.

Odelia akasubiri mpaka awe na hakika. Akafungua jicho moja, akalivuta blanketi kidogo upande wake, akajisemea, "Aprili, nimesikia," naye akalala.